A ya Pili

Mwaka wa kumi na moja huu, mimi karani wa chama cha msingi, Kitangari,
naandika majina ya watu kwenye stakabadhi:
kalamu ya bluu, karatasi ya kaboni, kidole cheusi.
Najua herufi moja inavyolaza watoto na njaa.
Nammole akiandikwa Namole, benki haimjui,
na kila asubuhi atakuja kusimama mlangoni kwangu,
hasemi kitu, ananitazama tu,
mpaka nirekebishe.

Mnada ninaoujua mimi ni wa juani.
Sanduku linafunguliwa mbele ya macho ya watu,
bei inasomwa kwa sauti, wa nyuma anadai irudiwe,
inarudiwa.
Bei ikiwa mbovu tunanyanyuka, tunakung'uta kanga,
korosho zinabaki ghalani,
mnunuzi anaondoka na gari lake na vumbi lake.

Lakini mwezi wa tano mkorosho haumsubiri mtu.
Mashine yangu ya kupulizia salfa imeoza kifua,
inakohoa kuliko mimi.
Shaweji, mtoto wa dada, akanionyesha mnada wa kwenye simu:
mashine ya mtumba, picha sita, mwenyewe yuko Morogoro.
Nikaweka laki tatu na ishirini.
Kuna mtu akaongeza tano.
Nikaongeza kumi. Akaongeza tano.
Nikaongeza kumi tena, kwa hasira,
kama nagombana na jirani nisiyemwona uso.

Saa nne usiku simu ikatetemeka juu ya mfuniko wa ndoo.
"Hongera mshindi! Mashine ni yako.
Lipia ndani ya dakika kumi na tano, la sivyo anapewa wa pili.
Gusa hapa, thibitisha namba yako ya siri."

Wa pili!
Huyo huyo wa tano tano!
Sikufikiri. Niseme kweli, sikufikiri.
Niligusa. Rangi zile zile, nembo ile ile,
hata picha ya mashine yangu, na mkanda wake mwekundu.
Tarakimu ya kwanza.
Ya pili.
Ya tatu.

Kidole kikagoma.
Si akili iliyogoma, ni kidole,
kile kile cha kaboni,
kikapanda juu ya kioo, pale linapokaa jina,
kikaanza kusoma kinavyosoma stakabadhi.
Mnaada.
A ya kwanza ni ya mnada.
A ya pili ni ya nani?

Nikaitazama kama nge
ndani ya kiatu nilichokwisha kuingiza vidole.
Nikatoka. Nikaingia upya kwa mlango ninaoujua:
mnada haujafungwa, bado siku mbili.
Sijashinda kitu. Hakuna aliyeshinda kitu.

Kangomba namjua, huja na bakuli
mtoto akiwa na homa na ua la mkorosho halijawa tunda.
Huyu hana bakuli.
Huyu anapima haraka yako.

Asubuhi nikamsimulia Likalangu, mweka hazina wetu,
nikicheka, nikijisifu kidogo.
Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, muda mrefu.
"Mimi niliweka zote nne," akasema.
"Ilikuwa pikipiki."
Mkewe hajui mpaka leo.

Mashine ya Morogoro niliikosa, ilipanda mno.
Yangu bado inakohoa, nimeifunga kwa mpira wa baiskeli.
Lakini siku ile nilifungua kitabu, ukurasa mtupu,
nikamwambia: liandike lile jina
kama ulivyoliona usiku ule.
Aliandika taratibu, mtu wa mahesabu, mwandiko safi.
A moja.
Hata sasa, a moja.
Nikanyoosha mkono, nikamwomba kalamu.